Hata lini?

Wapendwa, tangu kazi iishe nimekuwa nikisali kama msoma risala, mdomo unashukuru, moyo unawaza kodi ya chumba Mbagala. Jana nikitoka Posta nikaingia Azania Front, lile kanisa la Kilutheri linalotazama bandari, nikafungua Zaburi ya 13. Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye sifa. Mara nne! (Kwenye jumuiya zetu angeambiwa hana imani.) Basi nami nikamuuliza Mungu hivyo hivyo, kwa sauti, machozi yakanitoka, mzigo ukapungua. Kazi bado. Ila leo alfajiri nimepanda daladala la Kariakoo kuulizia kibarua. Wiki iliyopita hata kutoka kitandani ilikuwa vita. Niombeeni.