Hafungi, na bado nataka atupe

Jumamosi iliyopita, kwenye mpira wa kikapu, binti wa dada yangu alitupa mara 14 akafunga mara moja. Ilikuwa nusu fainali ya kwanza, anayeshinda mechi mbili ndiye anapita, na timu yao ikapigwa kwa pointi sita. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akizitaja hizo pointi sita. Watu wanahesabu zile 13 alizokosa.

Mimi nauza chapati na maandazi hapa Nkuhungu, Dodoma, jirani na kijiwe cha bajaji, na wateja wangu wa alfajiri ni madereva wanaofuatilia kila mchezo. Jumatatu, kabla sijafunua hata beseni, nikaulizwa: "Mama, yule mtoto wako vipi? Mkono umekauka?" Mwingine akasema karogwa. Wa tatu, ambaye ndiye mpole kuliko wote, akasema bora mechi ya pili akae benchi. Niliwafungia chapati zao nikanyamaza, maana jibu langu ni refu na watu walikuwa wanasubiri. Nimekaa leo niliandike.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za saruji nyuma ya ringi waliyoishambulia robo mbili za mwisho. Mipira yake ilikuwa mifupi. Haikwenda kushoto wala kulia, ilinyooka kama uzi, lakini inafika inagonga mdomo wa mbele wa ringi, ngo!, inarudi. Mtupaji ambaye mkono ndio umeharibika hutawanya: huu kulia, huu kushoto, huu unavuka ubao. Mpira mnyoofu ila mfupi, hiyo ni miguu. Mtoto alikuwa kwenye mechi ya tano ndani ya siku tisa, dakika 40 karibu zote bila kupumzishwa, na katikati ya wiki anapanda daladala asubuhi kwenda chuo anarudi jioni kwenye mazoezi. Kufika robo ya tatu magoti yalishagoma kukunjika. Magoti yakigoma, mpira haupandi.

Mpira usiopanda unaponzwa na nini? Chukua sufuria. Ukiitazama kutoka juu, mdomo wake ni duara na unaona mpaka chini. Sasa inama taratibu mpaka macho yako yalingane na ukingo: ule mdomo umebaki mstari. Ringi ndivyo ilivyo. Upana wake ni sentimita 45 na mpira una kama 24, kwa hiyo mpira unaoshuka kutoka juu una nafasi ya kutosha, karibu mara mbili ya upana wake. Lakini ukija bapa, tuseme kwa nyuzi 30 tu, ule mwanya unaoukuta hauzidi sentimita 23. Mpira ni mpana kuliko mwanya! Lazima ugonge chuma.

Halafu kuna upepo wetu. Mwezi wa saba Dodoma, kuanzia saa nne asubuhi upepo umeshaamka, unabeba vumbi, na uwanja wenyewe hauna ukuta upande wa mashariki. Tuliokulia hapa tunajua mapema kwamba mchana unagongesha mpira kwenye ubao wa nyuma ya ringi, na mipira ya kupanda sana unaiacha kwa asubuhi. Mtoto amechoka, anajaribu kukwepa upepo, anatupa chini zaidi ya kawaida yake. Hayo yote niliyaona. Uchawi sikuuona.

Ila siyo hilo hasa lililonifanya niandike. Ni lile neno la yule mpole: akae benchi, au akicheza basi asitupe, agawe tu mpira kwa wenzake. Neno hilo nilishaambiwa.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha nne, na mimi ndiye nilikuwa mtupaji wa timu ya shule. (Mwaka uliofuata Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa namba mbili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, na kila kijana mrefu mjini akataka mpira wa kikapu. Sisi tulicheza kabla ya hapo, kwa mpira mmoja uliolika kwenye saruji mpaka ukang'aa kama kibuyu.) Tulifika nusu fainali ya shule za mkoa. Nilikosa saba za kwanza. Ya saba haikugusa hata ringi, na uwanja mzima ukaguna. Mapumziko, kocha wetu akanishika bega akaniambia, bila ukali wowote, "Acha kutupa. Gawa."

Nikatii. Na nilichokiona kipindi cha pili sijakisahau mpaka leo.

Kipindi cha kwanza yule msichana aliyekuwa ananikaba alikuwa ameniganda, nasikia pumzi yake shingoni, mkono wake uko kiunoni kwangu hata nikiwa sina mpira. Nilikuwa nimekosa saba na bado ameniganda, kwa sababu alishaambiwa mimi ni nani. Kipindi cha pili nikapokea mpira kona, niko huru, nikagawa. Nikapokea tena, nikagawa. Mara ya tatu yule msichana akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona macho yake: alikuwa ananisoma. Nikagawa tena, akarudi hatua mbili. Baada ya hapo akaniacha kabisa, akaenda kusimama mbele ya senta wetu, yule anayecheza karibu na ringi, msichana mrefu kutoka Kongwa ambaye mpaka mapumziko alikuwa anafunga anavyotaka kwa sababu alikuwa anakabwa na mtu mmoja. Sasa ana wawili. Akipokea, wamemfunika. Akipigiwa filimbi ya kutembea na mpira, nasimama kona peke yangu mikono wazi kama mtu anayengoja basi. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi nne. Tulifungwa kwa tisa.

Kipindi chote cha pili sikukosa hata mara moja, maana sikutupa hata mara moja. Na hakuna aliyenilaumu. Kocha alinisifu kwa utii. Ni yule senta tu, kwenye gari tukirudi, aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona ulikuwa unaniletea wawili?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana alfajiri ya tarehe 14 Juni 2022 sikupiga kelele kama wenzangu. Mimi naamka saa tisa usiku kukanda unga, na ni bahati yangu kwamba mechi za fainali za NBA zinaangukia humo humo, saa tisa na nusu au saa kumi. Simu naiegemeza kwenye ndoo ya unga, nasukuma chapati huku naangalia. Ilikuwa mechi ya tano, Golden State Warriors na Boston Celtics, zimegawana mbili mbili. Mechi iliyotangulia, kule Boston, Stephen Curry, mtupaji wa Warriors, alifunga pointi 43. Sasa yuko nyumbani, na kila anachotupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu kinakataa. Moja, tatu, sita. Mpaka kipenga cha mwisho alikuwa ametupa tisa za pointi tatu na hakuna iliyoingia. Mtu huyo alikuwa amecheza mechi 233 mfululizo bila kutoka uwanjani na sifuri ya pointi tatu. Vijana walipokuja saa kumi na mbili kunywa chai wakaniambia, "Curry kafa leo."

Warriors walishinda 104 kwa 94! Andrew Wiggins, mwenzake Curry, alifunga 26 na kuokota rebaundi 13, yaani mipira iliyokosa kuingia. Nilichokuwa naangalia mimi, unga mikononi, ni wale waliokuwa wanamkaba Curry. Amekosa ya tano, wanamfuata wawili mpaka nusu ya uwanja. Amekosa ya nane, bado wanamfuata. Hawakuthubutu kurudi nyuma hata hatua moja, kwa sababu hakuacha kutupa. Na njia ya katikati ikabaki wazi kwa Wiggins kama mlango wa dukani. Mechi ya sita Curry akafunga 34, wakachukua ubingwa, naye akawa mchezaji bora wa fainali.

Kijiweni pale kuna kaka mmoja, mkubwa kuliko wengine, ambaye nikifika hapa hunitajia John Starks. Na ana haki, siwezi kumkwepa. Fainali ya NBA ya 1994, mechi ya saba, dhidi ya Houston. Starks wa New York Knicks alitupa 18 akafunga mbili, na za pointi tatu alitupa 11 zote zikakataa. Wakafungwa 90 kwa 84 ubingwa ukaenda. Tena mechi ya sita alikuwa amefunga 27, na shuti lake la mwisho, ambalo lingewapa kombe pale pale, liliguswa na vidole vya Hakeem Olajuwon wa Houston, yule Mnigeria wa Lagos. Kaka anauliza: naye angeendelea tu kutupa?

Jibu langu ni kwamba pale kocha Pat Riley alikuwa na mtupaji mzoefu, Rolando Blackman, amekaa benchi mechi nzima hakumwingiza. Kumpumzisha mtu robo nzima avute pumzi ni kazi ya kocha, na naikubali. Kumwacha uwanjani ukamkataza kutupa ndiyo siikubali. Tena Starks alikuwa anarudi pale pale mbali, mara 11. Mtu akikauka mbali asogee. Kobe Bryant wa Lakers kwenye mechi ya saba ya fainali ya 2010 alifunga sita kati ya 24, mkono haukuwepo kabisa, lakini aliokota rebaundi 15, akaenda kutafuta mitupo huru, ile unayopewa bila kukabwa ukichezewa rafu, na Lakers wakaifunga Boston 83 kwa 79. Fainali hiyo hiyo Ray Allen wa Boston alifunga nane za pointi tatu kwenye mechi ya pili, rekodi ya fainali kwa wakati huo, na mechi iliyofuata, siku mbili tu baadaye, alitupa 13 bila hata moja kuingia. Ni mkono ule ule. Nani alimroga Ray Allen?

Nimerudi kwa mtoto. Jumapili na Jumatatu niliomba kwa kocha wake alale tu. Nashukuru alikubali bila ubishi. Dada yangu alitaka apelekwe kuombewa, nikamwambia apelekwe, ila asipelekwe kwa miguu. Jioni nilimpikia ugali wa mtama na mlenda, akala akalala saa mbili kama mtoto wa chekechea.

Jana, Jumatano, nilimaliza kuuza mapema tukaenda wote uwanjani saa moja asubuhi kabla upepo haujaanza. Mlinzi, mzee wa Kigogo, alitufungulia geti na salamu yake ya "Mbukwenyi", akakaa juu ya ndoo kutuangalia. Baridi ilikuwa kali, mpira mgumu kama jiwe, na mtoto alikuwa anapuliza vidole. Akataka kuanzia mbali, alipokosea. Nikamkataza. Tulianza chini ya ringi kabisa, hatua moja, mkono mmoja, naye anasema kwa sauti "goti" kila anapokunja. Ishirini hivyo. Tukarudi nyuma hatua. Ishirini tena. Mimi naokota mpira namrudishia, na mpira wote ukawa una alama nyeupe za unga, maana mikono yangu sikuinawa vizuri.

Tulipofika kwenye mstari wa mitupo huru ya kwanza ikawa fupi. Ngo! Nikamwona mabega yanapanda, ile namna ya mtu anayetaka kukimbia. "Goti," nikamwambia. Ya pili ikapanda, ikakaa juu pale kwa kitambo, ikashuka katikati bila kugusa chuma. Mzee akapiga makofi mara moja tu, pa!, akaendelea kuvuta blanketi lake.

Alifunga 31 kati ya 50 pale mstarini. Za mbali, tisa kati ya 30. Sikumficha hesabu, nilimwandikia kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wa nyuma.

Tukiwa tunatoka aliniuliza, "Mama mdogo, na Jumamosi nikikosa zote tena?"

Nikamwambia: "Kila ukikosa, kabla hujakimbia kurudi, mtazame anayekukaba kasimama wapi. Akiwa bado amekuganda, tupa tena. Na mwangalie senta wenu yuko na wangapi."

Akatembea kimya mpaka barabarani. Kisha akasema Jumamosi iliyopita senta wao alifunga 22, na kwamba mpaka dakika ile hakuwahi kufikiria ni kwa nini.

Mechi ya pili ni keshokutwa saa tisa alasiri. Madereva wangu wa bajaji, siku hiyo meza naifunga saa nne asubuhi, atakayetaka chapati za mchana achukue mapema. Na yule aliyesema karogwa nimemwekea nafasi pembeni yangu kwenye zile ngazi, nyuma ya ringi.