Kigoda Kilichovaa Akala

Asubuhi ya leo binti yangu alikitoa kigoda nyuma ya mapipa ya maji, akakipindua miguu juu, akaniuliza, "Mama, nani alikivalisha kigoda akala?"

Nilikuwa na ndoo mkononi. Niliitua.

Ni kile kile cha safari ya Kisumu ya Agosti 2023, cha kukanyagia wazee wanapopanda na kushuka garini. Juu kina sentimita 40 kwa 30, kimo chake ni 18, na miguu imetanuka nje ili mtu akikanyaga ukingoni kisipinduke. Fundi wa Bondeni alitaka kuinyoosha hiyo miguu, akisema kigoda kitapendeza zaidi. Nilimsihi aitanue. Chini ya kila mguu kuna kipande cha mpira wa tairi, na vipande hivyo havikuwepo tulipotoka Nakuru.

Tulikwenda kwa siku tatu za kulala, Jumanne hadi Ijumaa, maana katikati ya wiki hakuna msongamano wala kelele za wageni. Shangazi alikuwa na miaka 78 na goti lake la kulia lisilokunjika vizuri. Baba na sukari yake. Mama Mdogo na presha. Shangazi ndiye aliyelitaka ziwa. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na miaka nenda miaka rudi alimletea ngege waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko walikotoka.

Wengi wakipanga safari ya wazee huanza na hoteli. Mimi huanza na vyoo. Mzee asiyejua choo kijacho kiko wapi hakubali kunywa maji tangu alfajiri. Asipokunywa, na dawa ya presha ameshameza, akiinuka ghafla kizunguzungu humpata, na watu wengi huanguka hapo hapo, mlangoni mwa gari. Kwa hiyo wiki moja kabla, dereva aliikagua barabara akatafuta choo cha kukaa, si cha kuchuchumaa, kila baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi. Vituo hivyo niliviandika kwa herufi kubwa, kila mmoja akapewa karatasi yake. Mama Mdogo alikuwa na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Daktari wake wa kliniki alimruhusu kukimeza baada ya kufika badala ya asubuhi. Hilo halikuwa langu kuamua, na sikuliamua.

Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni kama kilomita 185. Dereva akiwa peke yake humaliza kwa saa nne hivi. Sisi tulijipa sita, na tuliondoka saa mbili asubuhi wala si alfajiri, kwa sababu viungo vya mzee vikiamka vimekakamaa huhitaji muda wa kulainika. Mau Summit, tunapopita njiani, iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, kwa hiyo mtu huondoka kwenye baridi ya kutetemesha na kuingia kwenye joto la Ahero, karibu na Kisumu, siku hiyo hiyo. Sweta zote zilikuwa za vifungo mbele. Sweta ya kuvulia kichwani, ndani ya gari, kwa mtu mwenye bega bovu, ni mateso yasiyo na sababu.

Insulini ya Baba ilisafiri kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, imezungushiwa taulo, barafu ikiwa nje ya taulo. Barafu isiiguse, maana ikiganda imeharibika, na haitafaa tena hata ikiyeyuka. Ile inayotumika sasa huvumilia joto la kawaida hadi nyuzi 30, lakini gari lililofungwa juani hupita kiwango hicho haraka sana. Kila tuliposhuka, chupa ilishuka nasi.

Kigoda kilituponyoka kwenye kituo cha mafuta tulipoingia Kericho. Sakafu ya saruji ilikuwa na oili. Shangazi alikuwa ameshusha mguu mmoja tu, kigoda kikateleza kuingia chini ya gari, dereva akamdaka kiunoni. Hakuanguka, ila mikono ilimtetemeka mpaka chai ikaletwa. Wao wakinywa, nilimpelekea kigoda fundi viatu aliyekuwa amekaa karibu na stendi ya Kericho. Alikata vipande vinne kwenye tairi lile lile analotengenezea akala, akavikunjia juu kidogo pembeni mwa kila mguu, akapiga misumari hapo pembeni. Nilimwuliza kwa nini asipigilie kutoka chini, ingekuwa haraka. Akasema mpira huisha, na ukiisha kichwa cha msumari hugusa sakafu, na chuma juu ya saruji huteleza kuliko mbao.

Malazi yalinishinda siku ya kwanza, na sitayaeleza kwa kirefu. Nilipopiga simu niliuliza kama kuna chumba cha chini, nikajibiwa kipo. Kilikuwepo. Jengo lilikuwa kwenye mteremko, kwa hiyo chumba cha chini kilikuwa na ngazi sita za kushuka, bila kishikio. Tulihama kabla ya jua kuzama. Siku hizi nauliza hivi: kutoka pale gari linaposimama hadi kitandani, ni ngazi ngapi? Kisha naomba picha ya mlango wa bafu, tepu ya fundi ikiwa imenyooshwa, kwa sababu kiti cha magurudumu hutaka sentimita 80 hivi kupita bila kukwaruza mikono, na picha ya kizingiti chake. Kitanda nataka cha sentimita 45 hadi 50, sawa na kimo cha goti. Kikiwa chini zaidi mzee hawezi kuinuka peke yake. Na neti. Kisumu kuna malaria kuliko kwetu, neti ni lazima, lakini ile inayoburura sakafuni ndiyo humnasa mtu miguu anapoamka usiku. Ichomekwe chini ya godoro, na taa ya bafuni iachwe ikiwaka.

Jumatano tulikuwa Makumbusho ya Kisumu, ambako kuna boma zima la Kijaluo la kutazama na uwanja ni tambarare. Baba alifurahi sana. Asubuhi ya Alhamisi tukaenda Dunga.

Tulifika ufukweni saa moja na nusu. Sikuchagua saa hiyo kwa ajili ya picha. Mchana nchi kavu hushika joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kuziba nafasi. Alasiri mawimbi yameinuka na mara nyingi mvua ya radi huyafuata. Asubuhi maji hulala. Wavuvi wa usiku walikuwa wakishusha omena, wanawake wakisubiri na mabeseni, na mafunjo yalisimama wima bila kutikisika hata ncha.

Jaketi za kujiokoa tuliwavisha wakiwa wamekaa kwenye benchi, zile za kufunga mbele kwa mikanda. Baba akaingia mashuani. Mama Mdogo akaingia. Akabaki Shangazi.

Mashua ilikuwa ya mbao, pana, yenye paa la turubai, na ilikuwa imefungwa kwa kamba moja, ya mbele. Niliiona kamba hiyo. Niliiona na sikusema neno, kwa kuwa wawili walikuwa wameshapita salama. Ukingo wa mashua ulikuwa kama sentimita 30 juu ya mbao za gati. Nikaweka kigoda, nikakipanda mwenyewe kwanza, nikajitikisa. Akala zikashika. Tulikuwa tumekubaliana kila hatua: kupanda ni kwa mguu mzima, yaani wa kushoto, halafu akae ukingoni, ageuke, aingize miguu mmoja mmoja, huku kijana wa mashua akikaa upande wa pili ili uzito usiilaze.

Shangazi alipanda kigoda vizuri. Lakini hakukaa. Aliinua mguu wa kushoto akauweka ndani, juu ya ubao wa kukalia, kama mtu yeyote avukavyo mtaro. Na mguu unaokanyaga husukuma. Nyuma ya mashua, ambako hakukuwa na kamba, kukaanza kuondoka, polepole. Katikati ya mbao na ukingo pakaonekana maji, upana wa vidole vinne, kisha shubiri nzima, na jani la gugumaji likaingia pale likizunguka. Mguu mmoja wa Shangazi ulikuwa unakwenda na ziwa. Mwingine ulikuwa kwenye kigoda, na huo ndio ulikuwa wa goti bovu.

Nikamshika kwapani nikavuta.

Nimewaambia watu miaka mingi wasifanye hivyo. Ukimvuta mzee kwapani unamwinua bega, uzito wake unarudi nyuma, na mikono yake, ambayo ndiyo ingemwokoa, inakosa kazi. Nilihisi mwili wake wote ukikakamaa kama mti.

"Niachie," akasema. Hakupaza sauti. "Niachie, mwanangu. Mimi ndiye nitakushika."

Nikamwachia. Nikasogea mbele yake kidogo, nikabana kiwiko ubavuni, nikamnyooshea mkono, kiganja juu. Akautazama kwanza. Halafu akachagua pa kushika: si kiganja, ni juu ya kifundo cha mkono, hapo ninapovaa saa, akaminya hadi saa ikanizamia kwenye ngozi. Pete yake ilikuwa imelegea, ikazunguka kidoleni. Alinukia ile dawa ya kuchulia aliyokuwa amepaka gotini tangu alfajiri. Alikuwa anapumua kwa mdomo, pumzi fupi fupi, kisha ndefu moja.

Mwenye mashua akamwambia kijana maneno mawili kwa Kijaluo. Kijana akaruka gatini na kamba ya pili, akaivuta nyuma ya mashua mpaka yale maji ya katikati yakafunga. Mashua ikatulia. "Tayari, Dani," mwenye mashua akamwambia Shangazi, yaani nyanya kwa Kijaluo.

Shangazi hakwenda. Alibaki vile vile, mguu huku na mguu kule, mkono wangu ukiwa wake, akitazama maji kupita bega langu. Nilitaka kumwambia twende. Sijui nilizuiwa na nini. Labda ile saa iliyokuwa inaniuma. Alitazama mpaka alipotosheka, ndipo akahamishia uzito mguu wa kushoto, akaleta wa kulia, akakaa.

Tulizunguka kwa dakika 45, si zaidi, maana zaidi ya hapo choo huwa kimekuwa mbali. Tuliwaona viboko kwa mbali, na kwa mbali ndipo tulipotaka wabaki. Shangazi alimwuliza mwenye mashua mabehewa huishia wapi. Akamwonyesha kaskazini, upande wa bandari. Reli ilifika pale Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Shangazi alikaza macho huko muda mrefu.

"Basi alikuwa anafika hapa," akasema.

Baba alifungua mdomo kujibu, Mama Mdogo akamgusa goti, naye akanyamaza.

Kushuka kulikuwa rahisi: kamba mbili, mguu mgonjwa kwanza, kigoda, mkono wangu, yeye akishika.

Tangu siku ile amewasimulia watu wengi chai ya Kericho na lile boma la makumbusho. Mashua hajaitaja, nami sijamwuliza. Nafikiri ningepaswa kumwuliza pale benchini, kabla ya jaketi: Shangazi, utapenda kushika wapi? Na nafikiri pia kwamba asingejua la kunijibu hadi afike pale palipokuwa na maji katikati. Sasa huwauliza wote kabla. Wengine hunijibu, wengine huniambia tutaona huko huko.

Binti yangu alikuwa bado anangoja jibu lake. Nikamwambia ni fundi viatu wa Kericho, ili Nyanya asiteleze. Akakigeuza kigoda, akakikalia.

Wiki iliyopita Shangazi aliuliza kama Oktoba kutakuwa na mvua Kisumu. Hakusema zaidi. Jumapili alipopanda ngazi ya mlango wetu nilimtazama mguu: sasa hauinuki kupita sentimita 13, na kigoda kina 18. Sakafu ya Noah, gari tunalosafiria, iko kwenye 38. Kwa hiyo vinahitajika vigoda viwili, cha 13 na cha 26, na hicho kikubwa lazima kiwe na miguu iliyotanuka zaidi, la sivyo kitayumba. Kwa gari hesabu inakubali. Kwa mashua haikubali, kwa sababu mbao za gati pale ni nyembamba na vigoda viwili havitakaa sambamba, labda kimoja kirefu chenye ngazi mbili, na cha namna hiyo sijawahi kumwona mtu akikitumia juu ya mbao zenye maji. Nimemtumia fundi wa Bondeni vipimo. Ameniuliza kama nataka miguu iliyonyooka.