Landrova haikutaka stata, ilitaka swichi ya ufunguo

Kila fundi aliyechungulia chini ya boneti ya Landrova yangu, Series III ya petroli, alitoa hukumu ileile: nunua stata. Mmoja akaongeza koili juu yake (kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche), kwa usalama. Hakuna aliyeuangalia ufunguo, na dalili yenyewe ilikuwa inapiga kelele: stata inazungusha kwa nguvu, injini haikohoi hata kidogo, halafu ukiuachia tu ufunguo urudi, injini inashika.

Ukiona hivyo, funga pochi kwanza. Ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kuwashia, swichi inatakiwa kutoa umeme sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye stata na kwenye koili. Iliyochakaa inaipa stata na kuisahau koili. Ukiachia ufunguo, koili inapata umeme wake wakati injini bado inazunguka kidogo, ndiyo maana inashika mwishoni.

Kwenye gari hizi rangi za waya zinasaidia sana, kama hazijaguswa na mtu. Kahawia unatoka betri na una umeme muda wote, mweupe unakwenda koili, mweupe wenye mstari mwekundu unakwenda solenoidi ya stata, yaani swichi yake kubwa ya sumaku. Angalizo: waya wa kahawia haupiti kwenye fyuzi. Waya huo ukigusa bodi utaona moshi kabla hujasema lolote, kwa hiyo terminali ya hasi ya betri itoke kabla hujafungua kava la usukani. Gari ya dizeli ina swichi yake yenye nafasi ya kupasha plagi, usichanganye.

Kuthibitisha bila kununua kitu: gia iwe frii, hendibreki juu, kisha unganisha kahawia na mweupe kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10, halafu rudisha terminali ya betri. Koili imepata umeme. Sasa gusisha kahawia na ule wenye mstari mwekundu kwa waya mwingine mnene. Injini ikiwaka papo hapo, stata haina kosa na koili haina kosa. Yangu iliwaka kabla stata haijazunguka vizuri. Usiache koili na umeme huku injini imezima, itachemka na pointi za distributa, zile kontakti zinazokata na kuunga umeme wa koili, zitaungua.

Sasa hapa ndipo fundi umeme alipotaka kunishinda. Alichomoa swichi, akaweka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, ile sehemu inayolia umeme ukipita, ikalia vizuri kabisa kila nafasi. "Bosi, hii nzima." Mlio huo haukuwa na maana. Multimita inapitisha umeme mdogo mno, na kontakti iliyoungua ikibaki na kanukta kamoja kanakogusa, mlio utatoka. Koili ya kawaida ya omu 3 inavuta kama ampea 4, na hapo kanukta hako hakafui dafu. Swichi lazima ipimwe ikiwa imebeba mzigo.

Mzigo wenyewe ni balbu ya taa kubwa ya mbele. Ya wati 55 inavuta ampea 4 na nusu hivi, karibu sawa na koili. Chukua umeme kwenye chanya cha betri, pitisha kwenye fyuzi ya 10, ingiza kwenye terminali ya kahawia ya swichi. Terminali ya mweupe ipeleke kwenye balbu, upande wa pili wa balbu uende hasi. Weka multimita kwenye volti, ncha moja terminali ya kuingilia, nyingine ya kutokea. Zungusha ufunguo. Swichi nzima itaonyesha chini ya volti 0.2, tena haibadiliki ukiutikisa ufunguo. Yangu ilikula volti 2 na ushee, na nilipofika nafasi ya stata balbu ikazima kabisa. Volti 2 kwa ampea 4 ni wati 8 zinazogeuka joto ndani ya kiplastiki kidogo; nilipoigusa ilikuwa ya moto. Nilimwita yule fundi aje aone balbu inavyozima. Alikuja.

Swichi mpya haikuzidi makumi machache ya elfu, stata ingekula laki kadhaa. Hata mpya ipime kwa balbu kabla ya kufunga. Niliyouziwa kwanza ilishuka karibu nusu volti ikitoka kwenye boksi, nikairudisha. Tena usifuate mahali terminali zilipo, zile za kuiga huwa zimepangwa tofauti. Tafuta kwa kupima ipi inaingiza, ipi inatoa ufunguo ukiwa nafasi ya pili, na ipi inatoa nafasi ya kuwashia peke yake.

Kufunga ni kazi ndogo kama unabadilisha sehemu ya umeme tu, inashikwa na skrubu ndogo nyuma ya kitasa cha usukani. Shida inakuja kitasa chenyewe kikitakiwa kutoka, maana bolti zake hukatika kichwa kwa makusudi zinapokazwa kiwandani. Piga panchi pembeni ya kilichobaki, kisha izungushe kinyume cha saa kwa patasi ndogo na nyundo, polepole. Ikigoma, toboa kwa drili. Usiendeshe gari kitasa kikiwa kimelegea hata mita kumi. Pini ikiingia, usukani unafunga ukiwa barabarani.

Kilichoua swichi ni mmiliki aliyetangulia: redio, feni na spotilaiti mbili, vyote vimening'inizwa kwenye waya mweupe. Spotilaiti mbili za wati 55 peke yake ni ampea 9. Nimevitoa vyote na kuvipa rilei ya ampea 30, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: terminali 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya 20, 87 inakwenda kwenye vifaa, 85 inakwenda ethi (bodi ya gari), 86 inaguswa na waya mweupe. Swichi sasa inabeba koili, fyuzi zake za asili na sehemu ndogo ya ampea ya kuamsha rilei. Koili niliiacha kwenye mweupe moja kwa moja. Ukiipitisha kwenye rilei hiyo, siku rilei ikifa gari linazima katikati ya mlima.