Kabla ya kudai maji, tulizoa matope

Nilikuwa katibu wa kamati ya mfereji upande wa chini, huku bonde la Makanya, wilayani Same. Vuli ile mvua ilinyesha mara mbili ikakata, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Usiku mmoja vijana wetu wakapanda na majembe, wakabomoa banio la wenzetu wa juu, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini. Asubuhi wa juu wakashuka na mapanga. Mungu saidia, hakuna aliyekatwa.

Nilianza na makaratasi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kibali kinahesabu maji kwa lita kwa sekunde. Haya, nani mferejini kwetu ana kipimo hicho? Vikao vitatu tuligombania namba ambayo hakuna aliyeweza kuiona.

Cha nne tukakifanyia juu, penye banio lenyewe. Mzee mmoja wa huko akaniuliza, "Mwanangu, ndiva yenu inajaa mpaka wapi?" Ndiva ni bwawa letu la asili Wapare: linafungwa jioni, maji yanajaa usiku, asubuhi linafunguliwa. Sikuwa na jibu. Tukashuka naye. Akachoma fimbo yake kwenye ndiva. Ikadidimia matopeni hadi mkononi.

"Hata nikikupa mto mzima, utauweka wapi?"

Niliona aibu, na hasira pia, maana wao kweli walikuwa wakijikatia zamu mbili kwa moja yetu. Nikanyamaza tu.

Tukakubaliana kwa saa, lita tukaachana nazo: mchana maji yao, jua likizama yanateremka kwetu. Wao walete watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha ndiva, sisi tujenge upya banio tulilobomoa. Siku sita tulizoa matope kwa makarai, kina mama wa juu na wa chini mstari mmoja, na hapo ndipo maneno yalipolainika kuliko kwenye kikao chochote. Katikati ya ndiva tukasimamisha gogo lenye misumari, mmoja kila shubiri, ili hata mpita njia aone usiku umeleta kiasi gani.

Anayefungua nje ya zamu anakosa zamu inayofuata. Wa kwanza kunaswa alikuwa shemeji yangu. Nilimwandika jina kwa mkono wangu mwenyewe, akaninunia mpaka tukavuna.