Maandishi madogo? Acha rezolusheni ilivyo

Monita ya mtumba ya inchi 22 imetoka Kariakoo, imechomekwa kwenye kompyuta ya duka, na programu ya mauzo inaonyesha herufi kama sisimizi. Kinachofuata ni kilekile siku zote: mtu anashusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) kwa upana na urefu, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Herufi zinakua kweli, ila zimejaa ukungu, na hadi alasiri macho yanawasha.

Kioo cha LCD, yaani hiki bapa cha siku hizi, kina pikseli zake za kiwandani, haziongezeki wala hazipungui. Ukikiletea picha yenye upana wa pikseli 1280, kila pikseli ya picha inatakiwa ikae kwenye pikseli moja na nusu za kioo. Nusu ya pikseli haipo, kwa hiyo kioo kinachanganya rangi za majirani. Herufi "l" iliyokuwa mstari mmoja mweusi inapata kivuli cha kijivu ubavuni. Monita za chogo hazikuwa na tabu hii kwa kiasi hicho, nadhani ndiko mazoea yalikotoka.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu pa desktop, fungua "Display settings". Kwenye "Display resolution" chagua iliyoandikwa "Recommended", basi, usirudi tena hapo. Ukubwa unaurekebisha kwenye "Scale": jaribu 125%, kisha 150%. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako uingie upya, maana baadhi ya programu husoma kipimo hicho wakati wa kuingia tu.

Laptop za 1366 kwa 768 ndizo zenye mtego. Kwa 125%, nafasi inayobaki ni kama 1093 kwa 614. Programu ya zamani iliyochorwa kwa kioo cha 1024 kwa 768 haitoshei kwa urefu, na kitufe cha kuhifadhi kinazama chini ya kioo. Mtu wa kaunta anaapa kwamba programu imeharibika! Bonyeza Alt na Space, kisha M, halafu sogeza dirisha juu kwa mishale. Hiyo ni dharura tu. Kwa kazi ya kila siku rudisha 100% na ukuze herufi ndani ya programu yenyewe, kama inaruhusu.

Ikiwa programu moja tu ndiyo yenye ukungu, Windows inaikuza kama picha. Bonyeza kulia faili lake la exe, "Properties", "Compatibility", "Change high DPI settings", weka tiki kwenye "Override" ya chini na uchague "System (Enhanced)". Chaguo la "Application" hutoa herufi kali, lakini huzirudisha kwenye udogo wake.

Kompyuta imetoka kupigwa Windows na inagoma kupita 1024 kwa 768? Angalia "Device Manager". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya kadi ya picha (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo) haijawekwa.

Na kama kila kitu kiko sawa lakini herufi zinatetemeka, angalia kebo. Ile ya VGA, yenye kichwa cha bluu, hupitisha mawimbi ya analogi. Fungua ukurasa uliojaa maandishi, bonyeza "Auto" kwenye monita, subiri sekunde chache. Zikiendelea kutetemeka, tafuta kebo ya HDMI au DisplayPort.