Siku yangu na mashini ya mzee wa video za harusi

Saa 12:20 asubuhi

Nakaa Likoni na karakana yangu iko kisiwani, kwa hiyo siku yangu huanzia kwenye feri. Nikiwa nimebanwa kati ya baiskeli na kikapu cha samaki, nikasoma ujumbe uliotumwa usiku wa manane: "Mwanangu, imezima tena. Mara ya nne. Hii prosesa mpya ni mbovu, nataka kuirudisha." Mwenye ujumbe ni mzee anayepiga video za harusi Mji wa Kale. Harusi ilikuwa Jumamosi, naye akawaahidi watu wa bibi harusi video Alhamisi jioni. Leo ndiyo Alhamisi. Nikamjibu ailete kompyuta na asirudishe chochote kwanza.

Saa 2:00

Nilifungua mlango, nikawasha feni, nikapangusa meza. Karakana ni chumba kimoja upande wa Mwembe Tayari. Mahamri mawili na mbaazi kutoka kwa bi wa kibarazani, kahawa, kazi.

Saa 2:45

Tuktuk ikasimama. Mzee kaipakata kompyuta kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Itazame hii, wallahi sijalala."

Kwa miaka mingi ilikuwa na Ryzen 5 1600, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2017, juu ya madabodi (bodi kuu) ya B450. Wiki mbili zilizopita mpwa wake aliitoa akaweka Ryzen 7 5700X ya mwaka 2022, yenye viini 8 vya kazi badala ya 6. Uzuri wa madabodi hizo ni huo: soketi, yaani tundu la kukalia prosesa, ni ileile ya AM4, huhitaji kununua kompyuta nzima. Ikawaka, kazi ikaenda mbio. Siku ya pili ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, mara katikati ya kutoa video (kuigeuza kazi iliyohaririwa kuwa faili moja), mara imetulia tu hakuna anayeigusa.

Nikamuuliza swali ambalo humuuliza kila mtu: "Siku ile mlipobadilisha prosesa, mlibadilisha na kitu gani kingine?"

"Hakuna."

Nikaandika "hakuna" kwenye daftari na mbele yake alama ya kuuliza. Si kwamba mzee ni mwongo. Mtu akishampata mshukiwa mmoja, wengine wote husahaulika.

Saa 3:15

Nilianza na kumbukumbu za matukio ambazo Windows huandika, kabla ya kushika bisibisi. Kernel-Power 41 zilijaa, lakini hiyo hukwambia tu kwamba mashini ilizima bila kuaga. Chini yake kulikuwa na WHEA-Logger namba 18, na hiyo ndiyo niliyoitafuta, kwa sababu hutaja ni sehemu gani ya prosesa iliyolalamika. Nikanakili namba za sehemu hizo zote. Mara ya kwanza 4, kisha 13, kisha 0, kisha 9. Ingekuwa ni namba ileile kila mara, ningeishuku prosesa yenyewe. Zikitawanyika hivi, naanza kutazama vitu vinavyoilisha prosesa nzima: umeme, bayosi (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashini), ram (kumbukumbu ya muda).

Saa 4:00

Bayosi ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo zilizoanza kuzitambua prosesa hizi. Nikapakua mpya kutoka ukurasa wa madabodi ileile, nikaitia kwenye flashi, nikaichomeka mashini kwenye UPS. Hapo sina mzaha. Stima ikipotea bayosi ikiwa katikati ya kuandikwa, madabodi inaweza isiwake tena, na stima ya mtaa huu haitoi taarifa.

Ikaisha salama. Nikaipa video ndefu ya kutoa, dakika 25, haikuzima. Mzee akainua mikono: "Alhamdulillahi! Imepona."

Nilisikitika kumkatiza. Ningekuwa na haraka ningechukua pesa yangu pale pale, na mashini ingerudi Jumatatu. Ukiandika bayosi mpya, mipangilio yote ya zamani hufutika. Maana yake nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo: bayosi yenyewe, na kila kitu ambacho mtu aliwahi kukirekebisha humo. Kipi kiliponya? Nikafungua nikatazama. Ram ilikuwa imerudi kasi ya 2133. Vijiti vyenyewe vimeandikwa 3200. Kumbe palikuwa na mtu aliyewasha XMP, ule mpangilio wa kuiendesha ram kwa kasi iliyoandikwa juu yake.

Tena vijiti ni vinne. Viwili vyeusi, viwili vyekundu.

Saa 5:20

"Ami, hivi vyekundu vilikuwapo zamani?"

Akakuna kidevu. "Aah. Hivyo kijana aliviongeza siku ile ile. Lakini ni ram tu, mwanangu."

Nikawasha tena XMP kwa makusudi, vijiti vinne, 3200, nikaanzisha MemTest86+, programu ya kupima ram. Naamini sana katika kuurudisha ugonjwa kabla ya kudai nimeupata. Dakika ya kumi na moja mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye kioo. Bayosi ni mpya na makosa yapo, basi bayosi si dawa.

Saa 5:50 hadi 7:15

Huu ni muda wa subira. Viwili vyeusi peke yao kwa 3200: mzunguko mzima, sifuri. Nikaswali adhuhuri, nikarudi nikaweka vyekundu peke yao: sifuri tena. Hapo katikati nilibadilisha kioo cha laptopu ya mwanafunzi na kumwambia mtu mwingine kwamba printa yake haina maisha.

Mpwa wake alifika wakati wa chakula, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, uso umeshuka. "Da, nimeiharibu?"

Nikamwambia hapana, kisha nikamwonyesha. Hakuna kijiti kibovu, wala prosesa si mbovu. Kidhibiti cha ram kimo ndani ya prosesa, ndiyo maana lawama zote ziliiangukia yeye. Mtengenezaji mwenyewe huahidi 3200 kwa vijiti viwili. Vikiwa vinne, ahadi hushuka hadi 2933, na kwa vile vyenye chipu pande zote mbili hufika 2667. XMP ya 3200 ni zaidi ya hapo, na hapa ilikuwa imewashwa juu ya seti mbili ambazo hazikuuzwa pamoja. Hamali wa Marikiti hubeba gunia mbili mbio. Mpe nne, atafika, lakini si kwa mwendo ule.

Saa 7:20

Vijiti vinne, 2933, volti 1.35. Nikaanzisha kipimo, tukala pilau. Saa moja na dakika ishirini na tano baadaye: sifuri.

Saa 8:50

Mzee alikuwa ameshaniambia mara tatu kwamba ni joto. Mombasa kila kosa la kompyuta hutwikwa joto, na kweli karakana ilikuwa nyuzi 32. Lakini prosesa hii ikifika nyuzi 90 hujipunguza mwendo kwanza, haikati ghafla. Hata hivyo nilipima wakati wa kutoa video nikaona 88, na hilo sikulipenda. 5700X huuzwa bila feni, kwa hiyo kijana alitumia ile ya zamani, pamoja na pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kutoka prosesa hadi kwenye feni) iliyokauka kama chokaa.

Hapa nilimshika mkono. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, na ukiivuta feni moja kwa moja, pesti iliyoganda huing'oa prosesa kutoka kwenye soketi hata ikiwa imefungwa. Ipashe joto kwanza kwa kazi ya dakika chache, uzime, uchomoe waya, kisha izungushe feni kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Aliifanya mwenyewe, mikono ikimtetemeka, ikatoka vizuri. Tukafuta, tukaweka pesti mpya. 77.

Saa 9:30

Wengi wangefunga boksi hapa. Mimi hapa ndipo nilipoanza kuogopa. Ram inayokosea haizimi mashini tu. Kila faili linalonakiliwa hupita ndani yake, na linaweza kutoka na doa bila mtu kujua. Wiki mbili! Nikaendesha sfc /scannow, amri ya kukagua mafaili ya Windows, na Windows ikakiri kwamba ilikuta mafaili yake mabovu ikayarekebisha. Nikamgeukia mzee.

"Ami, kadi za kamera za Jumamosi ziko wapi? Umezifuta?"

Akanyamaza. Kisha akafungua mkoba, akatoa zote tatu. Alikuwa azifute leo usiku kwa ajili ya harusi ya kesho.

Sijui nieleze vipi nafuu niliyoipata. Tukalinganisha kila faili la kwenye diski na lile la kwenye kadi kwa SHA-256, alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo. Mawili hayakufanana. Moja lilikuwa la akina mama wakipiga vugo uani. Tulipolichezesha kutoka kwenye diski, katikati palitokea vigae vya kijani, sauti ikakatika. Kutoka kwenye kadi lilikuwa zima. Tukayanakili upya, tukalinganisha tena, sawasawa.

Saa 10:30

Video nzima ya harusi ikaanza kutolewa. Nikaswali alasiri, nikarudi nikakaa mbele ya kioo na daftari, bila kazi nyingine. Mama wa bibi harusi alipiga simu mara mbili. Mara ya pili mzee alinipa simu mimi, nikamwambia, "Mama, tuvumilie, inakuja magharibi inshallah."

Saa 12:35 jioni

Asilimia mia moja. Tuliitazama pale vugo, tukanyamaza wote watatu mpaka kipande kikaisha. Nikatoza shilingi 2,500. Mzee alitaka kuongeza, nikamwambia azinunulie kadi mbili zaidi ili asilazimike kufuta haraka. Kijana nikampa karatasi: namba za mipangilio yote, maana siku atakapobadilisha bayosi tena zitafutika.

Saa 1:40 usiku

Kivukoni, nikisubiri feri, kijana akanitumia ujumbe: "Da, inawaka tangu tufike, haijazima." Nikamjibu aiache ikiwaka usiku kucha bila kuipa kazi yoyote. Ilikuwa ikizima hata ikiwa imetulia, na huko kutulia kwake bado sijakushuhudia. Anipigie kesho kabla sijavuka.