Siku moja mezani kwangu Luthuli

Saa kumi na moja alfajiri. Simu yangu imelala kwenye chaji lakini haikupita asilimia 80, maana nimeiwekea kikomo kwenye mipangilio ya betri. Simu nyingi za siku hizi zina kikomo hicho na wenyewe hawajui. Betri ya lithiamu haipendi kushinda imejaa pomoni, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mume wangu huchaji yake chini ya mto. Nimesema mpaka nimechoka. Mganga hajigangi, na mumewe ndiye mgonjwa sugu.

Saa kumi na mbili u nusu niko Jogoo Road, nimebanwa kati ya dirisha na gunia la mtu la sukuma wiki.

Saa mbili nafungua. Meza yangu ya kutengeneza simu iko Luthuli Avenue, Nairobi, ndani ya eksibisheni, mafundi sita tumegawana chumba kilichokuwa duka moja la redio. Wateja wageni hunitazama, kisha huniuliza, "Fundi ameenda wapi?"

Wa kwanza leo ni mama anayeuza mitumba Gikomba. "Mwanangu, hii imekataa chaji tangu juzi." Fundi wa mtaani kwao amemwambia chajing sistimu imekufa, alete 1,500.

Nikaizima, nikamulika tundu la chaji. Ukichomeka waya usisikie "tk", na kichwa chake kikabaki nje kidogo, shaka kwanza uchafu. Nikachonga kijiti cha meno kikawa bapa, nikachokoa taratibu kandokando, si katikati penye ulimi wa pini. Sindano hapana kabisa: chuma hupinda pini, au huunganisha mbili zisizotakiwa kukutana. Kikatoka kijigodoro. Nyuzi za buluu, nyekundu na nyeupe, zimeshindiliwa humo na waya miezi na miezi hadi zikawa ngumu kama ukingo wa kofia. Simu inashinda kwenye mfuko wa aproni, katikati ya marobota. Nilichotoa mle ni Gikomba nzima. Waya ukaingia, tk, alama ya chaji ikawaka.

"Ni mia moja, mama."

"Mia kwa kijiti?"

Ningeipeleka nyuma ya pazia dakika ishirini, nikarudi na uso wa uchovu, angelipa ile 1,500 na kunibariki juu yake. Akanipa hamsini. Nikapokea.

Saa nne akaja kijana na mfuko wa mchele, pishori, kama kilo hivi, na simu ndani yake. Iliangukia karai la nguo jana jioni. Huu mchele sijui nani alitufundisha. Hauvuti maji yaliyo chini ya ubao wa simu, na mwaka 2024 hata Apple waliwaonya wateja wao kwamba chembechembe zake zinaweza kuharibu simu. Yenyewe simu haiuawi na maji peke yake. Maji ya sabuni yakikutana na umeme wa betri, shaba huanza kuliwa. Kwa hiyo zima hapo hapo, toa laini, elekeza tundu chini uigongegonge kiganjani, uiache panapopita hewa. Na usichomeke chaja kuona kama imepona.

"Ulijaribu kuichaji?"

"Mara tatu tu, fundi."

Nikaifungua. Kando ya kiunganishi cha betri kulikuwa na ukungu wa kijani. Na kwenye tundu la chaji, punje moja ya mchele, imevimba, imekaa humo kama iliyopandwa. Nikasugua ubao kwa spiriti na mswaki wa mtoto, nikauacha ukauke. Nikamwambia arudi kesho, bila ahadi.

Saa saba, chapati na madondo. Jirani yangu wa meza ananionyesha flashi aliyonunua kwa 800, imeandikwa terabaiti 2. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi fundi mzima niliwahi kuuziwa ya namna hiyo. Kompyuta iliisoma terabaiti 2 sawasawa, kwani flashi yenyewe ilifundishwa kudanganya. Ukweli ilibeba gigabaiti 8 hivi. Zilipojaa, kila kilichofuata kiliandikwa hewani. Picha za harusi ya dada yangu majina yako, ukifungua ni kijivu. Ipo programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, huijaza flashi yote kisha huisoma upya, na uongo hutoka peupe. Ifanyie hivyo kabla ya kuweka picha, si baada ya machozi.

Saa tisa, mwalimu mstaafu na laptopu yake. Amesikia kwamba Windows 10 "imefungwa". Haijafungwa, mwalimu, Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Itawaka kama jana. Ila yako ni ya zamani, Windows 11 haiikubali, na wewe unaingia benki kwa hiyo hiyo. Nikampa chaguo la Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, bure, inatosha kwa barua pepe na kuandika. Akasema atashauriana na mjukuu.

Saa kumi na moja kijana mwingine, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Anataka nitoe akaunti ya Google kwenye simu, "ni ya brathe yangu." Nikabonyeza *#06#, ikaja IMEI, namba ya utambulisho ya simu, tarakimu 15. Nikamwomba boksi la simu tulinganishe, au ampigie huyo brathe ataje barua pepe yake. Boksi hana, brathe hapatikani. Nikamrudishia. Alihamia meza ya tatu kutoka kwangu, na yaliyotokea huko sikuyatazama.

Saa moja kasoro. Wenzangu wanashusha pazia. Nikaunganisha ubao wa ile simu ya karai kwenye mita. Sindano ikapanda kidogo, ikasita, ikarudi sufuri. Nikajaribu tena: ikapanda, ikasita, safari hii simu ikatetemeka mara moja mkononi. Kioo bado cheusi. Nikaandika "kioo?" kwenye karatasi, nikaibandika mgongoni, nikaifungia kwenye droo.